Mti wa Noeli Kifungoni, Mtoto Nje

Enzi zetu Noeli haikununuliwa dukani. Ilifuatwa porini kwa panga, ikarudi nyumbani na siafu wake. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliozaliwa wakati Mbelgiji bado anatuhesabu pamoja na magunia ya pamba, ninyi mnaoijua harufu ya mshumaa wa misioni uliokwisha kuwashwa na kuzimwa sikukuu tatu. Vijana wa leo siwaandikii. Wao wana mti wa plastiki unaokunjwa kama mwavuli, wenye taa zinazowaka na kuzimika zenyewe, na ukiwauliza theluji ni nini wanakuonyesha kopo la kupuliza. Sisi tulikuwa na tawi la mlimau na ujasiri.

Kabla sijaendelea, mjue anayesema ni nani. Mimi ni Yulita, binti wa karani wa pamba wa Wamaza, huyo huyo mliyesikia kwamba amerudi. Nimefundisha Bukavu, nimefundisha Kisangani, nimekuwa mkuu wa shule ambako wanaume wazima waliniomba ruhusa kabla ya kukohoa. Nina diploma. Imewekwa ndani ya kioo, ukutani, katika nyumba yangu ya matofali ya kuchoma hapa Kasongo, nyumba ambayo sikujengewa na mume wala mjomba. Mgeni akiingia namkalisha kwenye kiti kinachoielekea, na asipoisoma namletea chai ya pili. Sisemi haya kwa majivuno. Nasema kwa sababu diploma ile, na hata walionisahihishia mitihani hawalijui hilo, ilianza na mtoto mmoja mwenye meno manne na mti mmoja wa Noeli.

Mtoto huyo ni mdogo wangu Klemansi. Ilikuwa katika miaka ya hamsini, Uhuru bado. Mimi nilikuwa na miaka kumi hivi, yeye miezi kumi. Enzi hizo binti wa kwanza alizaliwa na mgongo wa kazi. Mama aliondoka alfajiri kwenda shambani, na kabla hajaifikia mihogo yake mimi nilikwisha kufungiwa Klemansi kwa kikwembe, tukawa mtu mmoja mwenye vichwa viwili. Nilitwanga naye, niliteka maji naye, niliruka kamba naye, paji lake likigonga kisogo changu naye akicheka tu. Leo binti akibeba mtoto dakika tano anashika kiuno na kuuliza kama kuna dawa ya maumivu.

Alipoanza kutambaa, Mama alimvisha kengele mbili ndogo mguuni, kama watoto wote wa kwetu walivyovishwa. Sheria yake ilikuwa rahisi. Kengele zikilia, mtoto ni mzima. Zikinyamaza, kimbia, kuna kitu kinatafunwa. Na Klemansi alitafuna! Kabla ya Noeli ile alikuwa amekwisha kula kona ya sabuni, utambi wa taa, vidonge vya mbuzi ambavyo si dawa, na ukurasa mzima wa katekisimu yangu. Mama alisema, “Huyu njo Mukristo wa kweli wa hii nyumba. Sala yake iko mu tumbo.”

Sasa sikieni shida yangu. Shule ya misioni ya pale Wamaza, kwa upande wa wasichana, ilikuwa na madarasa mawili tu, nami nilikuwa nimeyamaliza yote. Nilikuwa nimesoma kila kilichoandikwa kijijini: mabango ya ghala la pamba, karatasi za kufungia chumvi, kopo la maziwa pande zote mbili. Ili niendelee ilibidi niende Kasongo kwa masista, nilale kule kule bwenini. Baba alisitasita. Mama alisitasita zaidi, maana nikiondoka mimi, unaondoka mgongo. Ndipo habari ikaja kwamba Sista Mkuu wa shule ile angepita Wamaza kwa gari la misioni siku ya pili ya Noeli, akitembelea nyumba za wasichana walioomba nafasi. Alijulikana kwa kukagua vitu vitatu: choo, kucha, na mtoto mdogo wa nyumba. Alisema msichana asiyejua kulinda mtoto hatajua kulinda daftari.

Baba akaniita, akavua miwani yake ambayo haikuwa na nguvu yoyote ila ya heshima.

“Yulita, sikia muzuri. Klemansi akifika ile siku muzima, bila kovu, bila kuungua, bila kikohozi, utaenda Kasongo. Akiwa na hata mukwaruzo moja, utabaki hapa, na bwana yako atakuwa jembe.”

Kazi yenyewe ingekuwa nyepesi, kama si Baba huyo huyo kuamua kwamba Sista lazima aikute nyumba imepambwa kama ya Wazungu.

Alikuwa na kijitabu cha Kifaransa cha kulea watoto, alichoachiwa na Mbelgiji mmoja wa ghalani aliyehama. Ukurasa wa katikati ulikuwa na picha: sebule, mti uliojaa theluji, mishumaa, pango la Yesu chini yake, na kando, ndani ya kizimba cha vijiti, mtoto mweupe mnene anatabasamu. Baba aliitundika picha ile kwa msumari na kuifuata kama fundi anavyofuata kipimo. Vilivyokuwamo kwenye picha, alitaka viwemo kwetu.

Mti ukawa tawi kubwa la mlimau, lililosimikwa kwenye debe la mchanga. Kazi ya kukata miiba yake, mmoja mmoja, kwa kisu cha kumenyea mihogo, nilipewa mimi. Maganda ya mayai yaliyopulizwa nje yalipakwa nkula, ule unga mwekundu wa mti, na bluu ya kufulia, yakaning'inizwa kwa uzi. Karatasi za fedha za pakiti za sigara zikawa nyota. Vipande vya mishumaa vikafungwa kwa waya. Na theluji, bila shaka, ikawa pamba, masalio yaliyofagiwa ghalani. Baba hakuwahi kuona theluji, ila aliambiwa inafanana nayo. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Kumbe kwao wanatupa pamba juu ya miti, halafu siye tukisahau moja mu shamba wanatufunga?”

“Mama Yulita, si pamba. Ni baridi.”

“Baridi inaonekana na macho?”

“Kwao inaonekana.”

“Basi ndiyo maana walikimbia.”

Pango nililifanya mimi, na nasema bila haya kwamba lilikuwa zuri kuliko la misioni. Nilifinyanga Maria, Yosefu, ng'ombe, kondoo wawili waliofanana na nguruwe, na Mtoto Yesu mnene kama kidole gumba cha Baba. Nilitumia pemba, ule udongo mweupe laini ambao mama zetu wakiwa na mimba waliununua sokoni na kuutafuna mchana kutwa. Ulikuwa unafinyangika vizuri, na ulikuwa mweupe kama watu wa kwenye picha. Katika nyumba nzima hakuna aliyejiuliza itakuwaje kumwekea Klemansi, chini, kwenye kimo cha mdomo wake, familia takatifu iliyotengenezwa kwa kitu kinacholiwa.

Kwa Baba jibu la kila hatari lilikuwa kile kizimba cha kwenye picha. Alikiita parke. Alikijenga kwa mianzi, akipima kila kijiti kwa rula ya ofisini, na kilipokwisha alimweka Klemansi ndani kwa mikono miwili, kama anayeweka ushindi wake. Klemansi alishika vijiti, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaelewa. Akalia. Hakulia kama mtoto mwenye njaa. Alilia kama mtu aliyedhulumiwa na serikali.

Kilio kile kilitoka hadi barabarani, kikavuka mashamba ya mihogo. Haukupita muda, jirani yetu Mama Zaituni, mke wa fundi cherehani Mwislamu, akaja na wanawake wawili nyuma yake, wamejifunga vizuri, nyuso za msiba.

“Hodi, Baba Yulita. Tumekuja kuomba musamaha.”

“Musamaha wa nini?”

“Wa mutoto. Amekosa nini? Hata yule mwizi wa mbuzi walimufunga siku mbili tu, na ule iko na meno yote.”

Baba akavaa miwani. Akawaeleza parke ni nini, akawaonyesha picha, akawaeleza maendeleo. Mama Zaituni aliiangalia picha kwa muda mrefu, akamwangalia yule mtoto mweupe ndani ya vijiti vyake, akapumua.

“Kumbe wanafunga mpaka watoto yao wenyewe,” akasema. “Basi siye tusilalamike sana.”

Akamwachia mfungwa yai la kuchemsha, wakaondoka.

Lakini Baba, pamoja na rula yake, alikuwa amesahau jambo moja: parke haikuwa na sakafu. Siku ya pili ya kifungo nilikuwa nje napepeta mchele, nikisikia kengele zinalia vizuri, nikawa na amani. Nilipochungulia ndani, parke ilikuwa inatembea. Klemansi alikuwa amebana kifua kwenye vijiti na kuisukuma, kidogo kidogo, kama kobe anayehama na nyumba yake, hadi ikagota kwenye debe la mti. Mkono mmoja ulikuwa umekwisha kupenya. Kengele zikanyamaza. Niliruka ungo na mchele wake, nikamwinua, nikamlaza kifudifudi juu ya goti, kichwa chini, nikatia kidole shavuni kwa pembeni kama Mama alivyonifundisha, maana ukiingiza kidole moja kwa moja unasukuma kitu ndani zaidi. Nikaivuta theluji mdomoni mwake kama anayevuta kamba kisimani. Ilikuwa ndefu. Ilipokwisha kutoka alinitazama kwa masikitiko, kana kwamba nimemnyang'anya urithi.

Kesho yake lilikuwa ganda la yai jekundu. Keshokutwa nyota ya sigara. Nilitoa vyote kabla havijashuka, lakini nilianza kukonda. Kila nilipofumba macho niliona jembe, tena lina masharubu.

Ndipo akili yangu, hii hii iliyokuja kupata diploma, ikafanya kazi. Mama alinisimulia zamani jinsi nilivyoachishwa ziwa: alipaka pilipili, nikanyonya mara moja, nikalia, nikala ugali tangu siku hiyo. Basi kama pilipili humwachisha mtoto ziwa, itashindwaje kumwachisha mti? Nilisaga pilipili zile ndogo kali, nikachanganya na maji kidogo, nikapaka kila kilichoning'inia chini. Mayai, nyota, pamba. Nikawapaka Maria, Yosefu na mifugo yao. Mtoto Yesu nilimpaka mara mbili, kwa sababu Klemansi alimpenda kuliko wote, mnene kwa mnene. Pemba ikanywa pilipili yote kama ardhi inavyokunywa mvua ya kwanza, ikakauka, ikabaki nyeupe safi. Hakuna aliyeweza kujua.

Nilimfungulia Klemansi nikakaa kando kuangalia dawa yangu. Akamkamata Yosefu. Akalamba. Akatulia. Akafumba jicho moja. Nikasema moyoni, haya, Kasongo imefika. Akalifumbua jicho, akamlamba Yosefu tena, taratibu, mbele na nyuma, mate yakimtiririka, akapiga makofi. Nilikuwa nimesahau kwamba Mama, mimba nzima, alikula sombe, yale majani ya mihogo, yenye pilipili mpaka jasho linadondoka sahanini. Mtoto yule alikuwa ameonjeshwa dunia akiwa bado ndani.

Mtu mwingine angeacha. Mimi niliongeza kipimo, nikaendelea kupaka kila asubuhi kama anayesali.

Mkesha wa Noeli, kabla ya jua kuzama, aliingia Nkambo, mama mzaa baba, amekuja kwa mguu kutoka Lusangi na kuku wawili na mkungu wa ndizi. Alikuwa mfupi, ufizi mtupu, na hakuwahi kuogopa karatasi yoyote iliyoandikwa. Alitua mzigo, akatazama sebule. Mti umesimama huru na mapambo yake. Mjukuu wake yuko ndani ya mianzi, na parke yenyewe imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza isitoroke.

“Nani amefunga huyu mutoto?”

“Si kifungo, Mama,” Baba akasema. “Ni parke.”

“Ile muti inatembea?”

“Hapana, Mama.”

“Inalia? Inanyonya?”

“Hapana.”

“Weye mutoto yangu, kwetu mutu akipanda mihogo na kijijini kuko mbuzi, anajengea nini ua? Mbuzi ama mihogo?”

“Mihogo, Mama.”

“Mwenye kupanda njo anajenga ua. Ni wee ulipanda hii muti.”

Hakungoja jibu. Alimtoa Klemansi, akakata kamba, akainua parke nzima kwa mkono mmoja na kuivika juu ya mti, debe, pango na vyote. Yakaisha. Klemansi alizunguka nje ya vijiti, kengele zinalia, akitafuta mlango, kisha akachoka akaenda kucheza na vikombe. Wiki nzima nilikuwa sijapumua. Nilipumua.

“Lakini Mama,” Baba akanung'unika, akionyesha ukutani, “kwenye picha hawakufanya vile.”

Nkambo aliisogelea picha, akamtazama yule mtoto mnene. “Huyu wa picha, ulimuona akikomaa?”

Noeli yenyewe ilipita kwa amani. Mishumaa iliwashwa kwa muda wa sala moja tu, ndoo ya mchanga ikiwa mkononi mwa Mama na Klemansi akiwa mgongoni kwangu. Mama Zaituni alituletea sahani ya wali, nasi tukampelekea paja la kuku ambaye yule fundi cherehani alikuja mwenyewe kumchinja ili wote tule. Hayo nayo yalikuwa ya enzi zetu. Hatukuyafanyia semina.

Siku ya pili, saa kumi, gari la misioni likasimama. Sista Mkuu alikuwa mrefu, kanzu yake nyeupe imekuwa nyekundu kwa vumbi kuanzia magotini, na Kiswahili chake kilikuwa safi kama kilichopigwa pasi. Alikwenda chooni, akarudi. Akashika vidole vyangu, akavigeuza. Baba alikuwa amevaa soksi jozi mbili, moja juu ya nyingine, kwa ajili ya siku ile. Sista akaingia sebuleni, akaona mti ulio kizuizini na mtoto aliye huru.

“Kwa nini mti umefungwa?”

Baba alifungua mdomo. Nkambo alikuwa mwepesi zaidi. “Mama Sista, kwetu mwenye kupanda njo anajenga ua.”

Sista alimtazama Nkambo, akautazama mti. Kitu kikacheza kwenye kona ya mdomo wake, kikapotea. Akasogea kwenye vijiti, akainama, akaliona pango langu.

“Nani amefanya hili?”

“Binti yangu Yulita,” Baba akasema, kifua kikipanda.

“Ni zuri mno.”

Mnasikia? Sista Mkuu, mwenyewe. Basi nilipokuwa bado naionja sifa ile, mkono wake ukashuka kati ya vijiti, ukamchukua Mtoto Yesu. Na hapo nikakumbuka. Asubuhi ile, pamoja na kuwa mti ulikuwa tayari ndani ya ua, nilikuwa nimepaka tena, kwa mazoea tu, na kwa wingi.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini ninyi mnajua: mtoto wa enzi zetu hakumkatiza mkubwa, sembuse sista, sembuse Mzungu. Leo watoto wangempigia ukelele toka jikoni, “Usiguse, Bibi!” Mimi nilisimama na ulimi wangu kama jiwe, nikamwangalia anamwinua Mtoto Yesu usawa wa uso wake, anafumba macho, anambusu. Si busu la haraka. Busu la ibada.

Mwanzoni hakikutokea kitu. Kisha macho yakafunguka. Uso ukashika rangi ya nkula kuanzia kidevuni, ukapanda, miwani ikaingia ukungu. Mtoto Yesu akadondoka. Sista akatafuta kiti kwa mkono, kama kipofu.

“Maji,” akasema.

“Maji hapana!” Nkambo akapaza sauti. “Maji inaongeza! Muleteeni mafuta!”

Na kabla Baba hajaweza kusogea, Nkambo alikwisha kuchovya kidole kwenye mafuta ya mawese na kumpaka Sista Mkuu midomo yote miwili, kwa upole, kama anavyompaka mtoto mwenye vidonda. Baba aliushika ukuta. Mama alijifunika kikwembe usoni. Dirishani alikuwapo Mama Zaituni, ambaye hakuwahi kukosa jambo.

“Mama Sista amekula nini?”

“Hajakula kitu,” Mama akajibu kutoka ndani ya kikwembe. “Amebusu Yesu.”

“Ee! Na Yesu yenu iko mukali hivyo?”

Katika kelele zile zote, kitu kimoja kikanigusa sikio. Kengele zilikuwa zimenyamaza.

Sikuangalia Sista, sikuangalia Baba. Nilijitupa chini. Klemansi alikuwa chini ya kiti alichokalia Sista mwenyewe, na Mtoto Yesu, aliyevunjika vipande alipoanguka, alikuwa mdomoni mwake. Alikuwa ametaka kumeza kipande kizima. Hakulia. Hakukohoa. Alinikodolea macho tu, na midomo yake ilianza kubadilika rangi. Nilimvuta mguu, nikamlaza juu ya goti, kichwa chini, nikampiga kati ya mabega kwa kiganja, mara moja, mbili, tatu. Mara ya nne kipande kikatoka, kikabiringika hadi kwenye kiatu cha Sista. Nikatia kidole pembeni ya shavu, nikasafisha mabaki. Klemansi akavuta pumzi, akapiga ukelele mmoja mzuri kuliko nyimbo zote za Noeli. Kisha akanyoosha mkono kukiomba kile kipande.

Mimi ndiye niliyelia.

Sista alikuwa ameyaona yote kwa macho yake yanayotiririka. Alijifuta, mawese yakaingia kwenye kitambaa cheupe.

“Nani alipaka pilipili?”

“Mimi, Mama Sista.”

“Kwa nini?”

“Ili asimule Bwana Yesu.”

“Na akaacha?”

“Hapana, Mama Sista. Alizidi kumupenda.”

Aliinamisha kichwa. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani nimemwua. Kumbe anacheka. Alicheka bila sauti, akishika mdomo kwa sababu ulikuwa unamwuma kucheka. Alipomaliza alimpakata Klemansi, akamgeuza kama mnunuzi makini: masikio, kwapa, nyayo, kidole baada ya kidole. Hakuna kovu. Hakuna alipoungua. Akamgeukia Baba.

“Huyu binti yako anasikia kengele ikinyamaza,” akasema. “Mimi kule Kasongo nina wasichana wasioisikia hata ikilia. Aje likizo ikiisha.”

Nilikwenda. Nkambo alisema Lusangi haikimbii, akabaki Wamaza kuwa mgongo badala yangu. Baba alinipeleka kwa baiskeli, sanduku la bati mbele, mimi nyuma. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Njia nzima nilikaa nimeinama mbele kidogo, kama mtu anayeogopa kumponda aliye nyuma yake, na nyuma yangu hakukuwa na mtu. Mengine mnayajua, na asiyejua aje asome ukutani.

Lakini diploma haiandiki kila kitu. Niliporudi likizo kubwa, Klemansi alikuwa anatembea. Aliniona, akajificha nyuma ya Nkambo, akalia kwa kuniogopa, mimi niliyemtoa Mtoto Yesu kooni. Nikamwuliza Nkambo, “Alianzaje?” Yule bibi akaweka ungo wake chini. Akashika ukuta. Akatoa makalio nje, akanyoosha mikono, akaja kwangu hatua nne za kilevi, akaanguka mapajani mwangu kwa uzito wake wote, anacheka kwa ufizi. Ndivyo nilivyoziona hatua za kwanza za mdogo wangu, kwa miguu ya mwanamke mzee.

Mwaka jana mjukuu wangu wa Kinshasa naye alianza kutembea. Sitawasema vibaya, wazazi wake wamejitahidi. Kila mlango una kizuizi chake, kila pembe ya meza imevishwa kofia ya mpira, na mti wao wa Noeli umewekwa juu ya kabati, mtoto auangalie kwa mbali kama mwezi. Nilipopiga simu kuuliza ni nani yuko chumbani na mtoto, binti yangu alinijibu, “Kamera, Mama.” Enzi zetu chumba kile kingekuwa na dada, nyanya, jirani dirishani, na bado tungemkuta chini ya kiti anatafuna. Kwao hatafuni kitu. Ni kweli.

Wakanitumia hatua zake kwenye simu. Ni video safi, hata rangi ya soksi inaonekana. Nimeitazama mara nyingi, mimi mwenye diploma, nikitafuta kinachonisumbua. Mtoto anasimama vizuri. Anacheka. Ananyoosha mikono yote miwili, anakuja moja kwa moja kwa mama yake aliyeshika simu. Na mama yake, ili asimkose kwenye picha, anarudi nyuma.